Maswali ya Wasomaji: Kompyuta Ilikuwa Nzima Jana

Barua za mwezi huu zinalalamikia jambo moja kwa sauti mbalimbali. Kompyuta ya kazini iliachwa jioni ikiwa nzima, na asubuhi ikaamka na kasoro ambayo haikuwapo. Kati ya nyakati hizo mbili Windows ilikuwa imejisasisha. Barua tatu kati ya sita tulizozichagua zinataja Jumatano, na hilo lina sababu yake. Tangu Oktoba 2003 Microsoft hutoa masasisho yake makuu ya usalama Jumanne ya pili ya kila mwezi, saa nne asubuhi kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani, ambayo kwetu Afrika Mashariki huwa ni saa mbili au saa tatu usiku kulingana na majira yao. Kompyuta iliyoachwa ikiwaka hupakua usiku uleule, hujiwasha upya wakati ofisi imefungwa, na mwenyewe hukutana na matokeo anapoketi na chai yake Jumatano.

SWALI: Ndugu Mshauri, salamu. Mimi ni mhasibu msaidizi katika duka la jumla jijini Mwanza. Tangu Jumatano iliyopita kompyuta yangu mpakato haioni Wi-Fi yoyote, na hata alama yake iliyokuwa karibu na saa imepotea. Nimeizima na kuiwasha zaidi ya mara kumi bila mafanikio. Fundi wa mtaani kwetu ameitazama kwa dakika tano, akasema sasisho limeiharibu Windows na dawa ni kupiga Windows upya kwa shilingi 30,000. Je, nimkubalie?

JIBU: Usimkubalie bado. Huenda fundi amekisia sawa kuhusu chanzo, lakini tiba aliyoitaja inafuta diski nzima kwa ajili ya kifaa kimoja kilichonyamaza, na kama hesabu za duka hazina nakala mahali pengine, zitaondoka pamoja na kasoro hiyo.

Anza na jambo ambalo hata watumiaji wazoefu hulipita. Kuizima kompyuta na kuiwasha si sawa na kuiwasha upya. Tangu Windows 8 kompyuta nyingi huja na utaratibu wa kuwaka haraka: ukichagua kuzima, mfumo huhifadhi hali ya kiini chake kwenye diski, na ukiwasha asubuhi huirejesha hali hiyohiyo badala ya kuanza upya. Kwa hiyo kasoro iliyokuwamo jioni hulala humo na kuamka nayo, na mara zako kumi zinaweza kuwa ni mara moja tu iliyorudiwa. Kwenye menyu ileile ya kuzimia chagua kuwasha upya, kwa maana hapo kiini hupakiwa kutoka mwanzo. Ni hatua ya dakika mbili, nami nimeshuhudia ikimaliza safari nyingi za kwa fundi.

Isipofaulu, thibitisha tarehe kabla ya kumhukumu mtuhumiwa. Bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi R, andika perfmon /rel, kisha Enter. Utafunguliwa ukurasa wenye kalenda inayoonyesha, siku baada ya siku, programu zilizoanguka, masasisho yaliyowekwa na draiva zilizobadilishwa, draiva zikiwa ni zile programu ndogo zinazouwezesha mfumo kuzungumza na vifaa kama kadi ya mtandao au printa. Mafundi wachache huifungua kalenda hii, ingawa imo ndani ya Windows kwa miaka mingi na haihitaji kununuliwa. Ukikuta kwamba Wi-Fi ilipotea Jumatano na draiva ya kadi ya mtandao ilibadilishwa usiku wa kuamkia Jumatano, umempata mhusika. Ukikuta hapakuwekwa chochote siku hiyo, sasisho linasingiziwa, na itabidi uangalie kwingine, pengine kadi yenyewe imekufa au kuna kitufe cha kibodi kilichozima Wi-Fi kwa bahati mbaya.

Kama mhusika ni draiva, bofya kitufe cha kuanzia kwa upande wa kulia wa kipanya, fungua kidhibiti cha vifaa (Device Manager), itafute kadi ya mtandao, na katika sifa zake ufungue kichupo cha draiva. Humo kuna kitufe cha kurudisha draiva iliyotangulia. Kitufe hicho kikiwa kimefifia, maana yake hakuna ya kurudia, na njia iliyobaki ni kukiondoa kifaa kwenye orodha na kuwasha upya ili Windows ikitambue tena. Ukihitaji intaneti katikati ya kazi hii, unganisha simu yako kwa waya wa USB na uiruhusu kugawa intaneti. Kompyuta huipokea kama mtandao wa waya, kwa hiyo haijali kwamba Wi-Fi haipo.

Mwisho kabisa ni kuliondoa sasisho lenyewe kupitia historia ya masasisho iliyo kwenye mipangilio ya Windows Update. Ukishaliondoa, simamisha masasisho kwa wiki moja au mbili, kwa kuwa usipofanya hivyo litajirudisha lenyewe na utaanza safari upya. Shilingi 30,000 za fundi ziweke. Zitahitajika siku diski itakapokufa kweli.

SWALI: Shikamoo Mshauri. Mimi ni katibu muhtasi wa chama cha akiba na mikopo mkoani Dodoma. Jumatano asubuhi kompyuta ya meneja iliamka na skrini ya bluu inayodai ufunguo wa tarakimu 48, na hapa ofisini hakuna mtu aliyewahi kuweka ufunguo wowote. Meneja anaamini tumevamiwa na wahalifu wa mtandaoni. Ndani ya kompyuta hiyo kuna mikataba ya mikopo ya wanachama ya miaka kadhaa. Tufanye nini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza mtulize meneja. Mhalifu anayefunga faili hukuachia ujumbe wa kudai pesa na namna ya kumlipa. Skrini inayodai tarakimu 48 bila kutaja malipo ni ya BitLocker, kinga ya Windows yenyewe inayoifumba diski ili mwizi wa kompyuta asiweze kusoma kilichomo.

Kinga hiyo hufanya kazi kimyakimya kupitia chipu iitwayo TPM. Kila kompyuta inapowaka, chipu hupima hatua za mwanzo za kuwaka, na vipimo vikilingana na vile inavyovikumbuka, hutoa ufunguo bila mtumiaji kujua kwamba umetolewa. Sasisho linapogusa programu za ndani za bodi au sehemu inayowashia mfumo, vipimo hubadilika, na chipu hufanya kama mlinzi wa lango anayemwona bosi wake akija na gari asilolijua: humsimamisha na kumdai kitambulisho. Kwa kawaida Windows huiarifu chipu mapema kuhusu mabadiliko hayo, lakini imewahi kuteleza. Sasisho la tarehe 9 Julai 2024 lilizifanya baadhi ya kompyuta ziamke na skrini hiyohiyo, na Microsoft ikalirekebisha kwa sasisho la tarehe 13 Agosti. Mei 2025 hali hiyo ilijirudia kwa baadhi ya kompyuta za Windows 10 zenye vichakato vya Intel vya aina ya vPro.

Kuhusu hoja kwamba hakuna mtu aliyeweka ufunguo, nawaamini, na hapo ndipo penye ugumu wa kesi yenu. Katika kompyuta nyingi za kisasa Windows huiwasha kinga hii yenyewe pale mtu anapoingia mara ya kwanza kwa akaunti ya Microsoft, na nakala ya ufunguo hupelekwa kwenye akaunti hiyo bila kelele. Kwa hiyo swali la kuuliza ofisini ni hili: ni nani aliyekuwa wa kwanza kuingia kwenye kompyuta hii siku ilipotoka kwenye boksi? Huenda ni meneja mwenyewe kwa barua pepe yake binafsi. Huenda ni mtumishi aliyehama miaka miwili iliyopita. Na kwa jinsi tunavyonunua kompyuta huku kwetu, huenda ni kijana wa dukani aliyewasaidia kuiandaa kwa akaunti yake ili msipate usumbufu. Akaunti hiyo sasa ndiyo inayoshikilia mikataba ya wanachama wenu.

Skrini hiyo ya bluu inaonyesha pia utambulisho wa ufunguo. Nakilini herufi na tarakimu nane za mwanzo. Kisha kila mmoja wa watu hao, kwa kutumia simu au kompyuta nyingine, aingie kwenye akaunti yake kupitia anwani aka.ms/myrecoverykey na kutazama kama kuna ufunguo wenye utambulisho unaolingana. Kama kompyuta iliunganishwa na akaunti ya kazi, ufunguo unaweza kuwa kwa msimamizi wa akaunti hizo. Tafuteni pia kwenye makabrasha ya ununuzi, kwa kuwa wakati mwingine ulichapishwa na kuwekwa humo pamoja na risiti, bila aliyeuweka kujua kazi yake.

Wakati mnatafuta, kompyuta isiguswe. Msimruhusu mtu apige Windows upya, asibadilishe mipangilio ya BIOS (programu ya ndani ya bodi inayoiwasha kompyuta), wala asiifute chipu ya TPM, maana kila moja ya hatua hizo inaweza kuongeza kufuli juu ya kufuli au kufuta kabisa kilichomo. Nalisema hili waziwazi kwa sababu mtakutana na watakaoahidi vinginevyo: bila ufunguo huo hakuna fundi, wa mtaani wala wa kiwandani, anayeweza kuzisoma faili zilizomo. Anayesema anaweza anakusudia kuifuta diski na kuwarudishia kompyuta inayowaka ikiwa tupu.

Mkiupata, uingizeni, na kabla ya jambo lingine lolote nakilini mikataba kwenye diski ya nje. Kama skrini itaendelea kudai ufunguo kila asubuhi, fungueni dirisha la amri kwa haki za msimamizi, mwandike manage-bde -protectors -disable C: na baada ya kuwasha upya mwandike amri hiyohiyo mkibadilisha neno disable kuwa enable, hapo chipu huchukua vipimo vipya na kuacha kulalamika. Amri ya manage-bde -protectors -get C: itawaonyesha ufunguo, nanyi mtauandika kwenye karatasi. Mkishindwa kabisa kuupata, fungueni OneDrive ya meneja kupitia kivinjari kabla ya kukata tamaa, kwa sababu akaunti ileile iliyoifumba diski mara nyingi huwa imekuwa ikipakia folda ya nyaraka mtandaoni bila mwenyewe kulitambua hilo.

SWALI: Kaka Mshauri, nina steshenari karibu na chuo, Morogoro. Kompyuta mbili zinachapisha kupitia printa iliyounganishwa kwa USB na kompyuta ya tatu, ya zamani kidogo. Baada ya masasisho, mbili hizo zinakataa na kuonyesha msimbo 0x0000011b. Kijana wangu alipata maelekezo mtandaoni ya kubadilisha kitu kwenye rejista ya Windows, yaani hifadhi ya mipangilio yake ya ndani, kinachoitwa RpcAuthnLevelPrivacyEnabled, akakiweka sifuri, na kazi ikaendelea. Rafiki yangu ananiambia ni hatari. Nimsikilize nani?

JIBU: Msikilize rafiki yako, ingawa kijana anastahili pongezi kwa kutopoteza siku ya biashara.

Katikati ya mwaka 2021 iligundulika kasoro kubwa katika sehemu ya Windows inayopanga foleni ya kuchapisha, ikapewa jina la PrintNightmare. Kupitia kasoro hiyo mtu aliyeingia kwenye kompyuta moja ya ofisi aliweza kuzitawala nyingine. Microsoft ilitoa sasisho la dharura tarehe 6 Julai 2021, ikafuatisha la tarehe 10 Agosti lililowanyima watumiaji wa kawaida haki ya kuweka draiva za printa, na Septemba mwaka huohuo ikaanza kudai kwamba mazungumzo ya kuchapisha kati ya kompyuta na kompyuta yafanyike kwa njia iliyofumbwa. Msimbo wako hutokea pale upande mmoja unapodai mazungumzo ya namna hiyo na mwingine hauyawezi, mara nyingi kwa sababu haujasasishwa kwa muda mrefu. Sifuri aliyoiweka kijana inaiambia kompyuta iache kudai. Biashara yako hupokea flashi za wanafunzi kuanzia asubuhi hadi usiku, nazo hubeba kila aina ya kirusi, kwa hiyo sioni mahali pabaya zaidi pa kuiondolea printa mlinzi.

Tiba ya kudumu ni kuisasisha kompyuta ya tatu ifikie kiwango cha wenzake. Kama bado inatumia Windows 7, ambayo msaada wake ulikoma tarehe 14 Januari 2020, hilo halitawezekana na ni heri uiondoe kwenye nafasi hiyo. Tazama nyuma ya printa: ikiwa ina tundu la waya wa mtandao au ina Wi-Fi, iunganishe moja kwa moja na ruta, uipe anwani isiyobadilika, na kila kompyuta ichapishe kwa anwani hiyo bila kupitia kwa jirani. Nimewahi kuona steshenari ikihangaika na rejista kwa miezi ilhali tundu la mtandao lilikuwa nyuma ya printa, limezibwa kwa kibandiko cha dukani. Printa ikianza kupokea kazi kwa njia hiyo, rudisha ile sifuri iwe 1.

Ukiwa na folda ya pamoja inayofunguka bila nenosiri, ujue kwamba ndiyo itakayofuata kukusumbua. Windows 11 toleo la 24H2, katika aina ya Pro, haikubali tena kuingia kama mgeni kwenye folda za mtandao na inadai mawasiliano yenye saini. Iwekee folda hiyo jina la mtumiaji na nenosiri sasa.

SWALI: Mheshimiwa Mshauri, shule yetu iko Kigoma na ina kompyuta nane zinazotumia ruta ya laini ya simu. Bando la mwezi huisha ndani ya siku chache, na tumegundua kwamba mlaji ni masasisho. Tuyazime kabisa?

JIBU: Msiyazime, yapangieni siku. Katika sifa za Wi-Fi ya kila kompyuta wekeni alama kwamba mtandao huo hulipiwa kwa kipimo (metered). Windows itaacha kupakua sehemu kubwa ya masasisho yenyewe. Kisha chagueni Jumamosi moja ya mwezi, mwondoe alama hiyo, na katika mipangilio ya Windows Update mruhusu kompyuta kupokea masasisho kutoka kwa nyingine zilizo kwenye mtandao wa ndani. Iacheni moja ipakue kwanza hadi imalize, ndipo mziwashe nyingine, ambazo zitachota sehemu kubwa kutoka kwake badala ya kutoka kwenye bando. Alama ile lazima iwe imeondolewa siku hiyo, kwa sababu ikiwapo kompyuta hazigawiani. Msihofu pia mkiruka mwezi mmoja, kwa kuwa sasisho la usalama la kila mwezi hubeba ndani yake yaliyotangulia, na mtapakua la mwisho tu. Laini ya umeme ikiwa haiaminiki, kompyuta za mezani ziunganishwe na UPS kabla ya kuanza; umeme ukikatika katikati Windows hujaribu kutengua ilichokianza na mara nyingi hufaulu, lakini sipendi kulitegemea neno “mara nyingi” kwenye kompyuta yenye matokeo ya mitihani.

SWALI: Bwana Mshauri, natumika katika kampuni ya usafirishaji mjini Mombasa. Mkurugenzi wetu anasema kuwa tangu Oktoba 2025 kompyuta zetu za Windows 10 hazipati masasisho na hazijawahi kutulia hivi, kwa hiyo hataki kusikia habari za Windows 11. Ninamjibu vipi?

JIBU: Mkubalie sehemu ya kwanza. Kompyuta isiyobadilishwa haina cha kuivuruga, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma kweli tarehe 14 Oktoba 2025. Ila kila Jumanne ya pili Microsoft huchapisha orodha ya mianya iliyozibwa kwenye matoleo inayoyahudumia, na mingi kati ya mianya hiyo huwamo pia kwenye Windows 10. Orodha inayomlinda mwenye Windows 11 humwelekeza mhalifu mahali pa kupapasa kwenye kompyuta zenu, ambazo nadhani zinapokea barua pepe zenye hati za mizigo kutoka kwa watu msiowajua.

Kabla ya kuzungumzia fedha, mhesabie zipi zinaweza kupanda bila gharama. Windows 11 inahitaji chipu ya TPM 2.0, RAM ya GB 4, diski ya GB 64 na, kwa upande wa Intel, kwa jumla kichakato cha kizazi cha 8 au cha baadaye. Kompyuta nyingi zinazosemekana hazina TPM zinayo, ila imezimwa kwenye BIOS; andika tpm.msc uone. Kwa zinazobaki, kampuni inaweza kununua masasisho ya ziada kwa muda usiozidi miaka mitatu, kwa dola 61 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, bei ikiongezeka maradufu kila mwaka, na anayechelewa kujiunga hulipia pia miaka aliyoiruka. Jumla yake kwa miaka mitatu ni dola 427 kwa kompyuta moja. Mweke mkurugenzi mbele ya tarakimu hiyo na bei ya kompyuta iliyotumika yenye kichakato cha kizazi cha 8, kisha umwache achague mwenyewe. Kuhusu mbinu za kuilazimisha Windows 11 iingie kwenye kompyuta isiyokidhi masharti, sizipendekezi kwa kazi, kwa sababu Microsoft haiahidi kuendelea kuzipa kompyuta hizo masasisho, nanyi mtakuwa mmelipa usumbufu wa kuhama ili mfike mahali palepale.

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni afisa TEHAMA pekee katika shirika lenye kompyuta 60, Arusha. Kila Jumatano simu yangu haipumziki. Nifanyeje ili masasisho yasiniangukie yote kwa wakati mmoja?

JIBU: Mwenzangu, pole na kazi. Una nguvu ambayo wasomaji waliotangulia hawana: sera za kundi (Group Policy), yaani kanuni unazoziwekea kompyuta zote kwa pamoja, zinazokuwezesha kuchelewesha masasisho ya kila mwezi hadi siku 30 na matoleo mapya hadi siku 365. Tatizo la wengi huwa ni kuchagua idadi ya siku kwa kubahatisha, basi tazama historia. Sasisho la tarehe 9 Machi 2021 liliziangusha kompyuta zilizokuwa zikichapisha kwenye baadhi ya printa. Dawa ikatoka tarehe 15. Lile la Mei 2025 la skrini ya BitLocker, nililomtajia binti wa Dodoma, lilitoka tarehe 13, na dawa yake ikatoka tarehe 19. La tarehe 14 Oktoba 2025 lilizima kibodi na vipanya vya USB ndani ya mazingira ya uokoaji ya Windows 11, yaani mahali hasa unapokwenda kuliondoa sasisho baya. Dawa ikaja tarehe 20. Mara tatu, siku sita. Kwa hiyo mimi huchelewesha siku saba kwa kompyuta za kawaida na siku kumi kwa zile za mishahara. La Julai 2024 lilichukua wiki tano kurekebishwa, nalo lingekupata vilevile, lakini kuwaacha watu wiki tano bila kinga ni gharama nisiyokubali kuilipa. Na yanapotoka masasisho ya dharura kama lile la PrintNightmare, ucheleweshaji uuondoe kwa mkono siku hiyohiyo.

Kompyuta za kupokea usiku wa kwanza ziwe nne au tano, za miundo tofauti, na angalau moja iwe inachapisha kwenye printa yenu kuu na nyingine iwe na programu ya uhasibu. Ofisi nyingi huchagua kompyuta zisizotumika, ambazo haziwezi kukuonyesha kitu. Yako iwe mojawapo. Ya mkurugenzi isiwemo, kwa sababu unazozijua.

Kuna pengo moja ambalo sera hizo haziligusi. Ijumaa ya tarehe 19 Julai 2024, saa 1:09 asubuhi kwa saa zetu, kampuni ya CrowdStrike ilisambaza faili yenye kasoro kwa programu yake ya ulinzi. Iliondolewa saa 2:27, na katika muda huo kompyuta zipatazo milioni 8.5 za Windows zilianguka kwenye skrini ya bluu. Windows Update haikuhusika, na ofisi zilizochelewesha masasisho ya Windows kwa mwezi mzima zilianguka pamoja na wengine. Muulize anayewauzia programu ya kuzuia virusi kama nayo inaweza kupangiwa makundi.

Wengi waliozirekebisha kompyuta hizo siku ile walilazimika kuzishika moja moja, na diski zilipokuwa zimefumbwa baadhi yao waligundua kwamba funguo za tarakimu 48 zilihifadhiwa kwenye seva ambazo nazo zilikuwa zimeanguka. Chapisha za kompyuta zako 60, kila moja ikiwa na utambulisho wake, uzifungie kwenye sefu ya mhasibu, na uzichapishe tena kila unapobadilisha diski au kupokea kompyuta mpya.